Faiba Niliyoikunja kwa Raba ya Tyubu

Hadi leo nikipita mlangoni kwa Mama Njeri najifanya naongea na simu, na mara nyingi simu yenyewe imezima, na yeye anajua imezima. Afadhali niwaambie mwenyewe, maana hapa mtaani Mbotela kila anayeisimulia hadithi hii huiongezea chumvi, na Mungu anajua haihitaji.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Wazazi walipotutoka nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule nikaenda soko la Kariokor kukata tairi na kushona akala, viatu vya mpira wa tairi (vidole vyangu hunuka mpira hata siku ya Krismasi), na niliapa jambo moja tu, kwamba mdogo wangu Naliaka atasoma hadi achoke mwenyewe. Sasa Naliaka akaitwa kwa mahojiano ya chuo cha uuguzi, ya video, Jumanne saa nne asubuhi, na waliandika wazi kwamba asiyepatikana kwa saa yake nafasi itapewa mwingine.

Wiki hiyohiyo intaneti yetu ikaanza kukwamakwama. Ni faiba, waya mwembamba unaotoka kwenye nguzo ya barabarani, unaingia kwenye kikasha cheupe karibu na bafu, na humo unagawanywa kwa nyumba nane. Nikajiuliza, mbona ikwame baada tu ya Mama Njeri, jirani yetu anayeshona yunifomu, kununua televisheni kubwa? Nikaanza kumvizia. Akicheka ndani, nasema anatazama kwa laini yetu. Akinyamaza, nasema ameshtuka. Nikaangalia kwa simu vifaa vilivyounganishwa kwetu, nikahesabu vinne, na mimi nilijua tuna vitatu. Nikaacha hata kumsalimia.

Sasa, sisi tumekulia mgao wa maji. Jirani akifungua mfereji wake, wako unakauka, na ukitaka maji yarudi, unakunja mpira wake kimyakimya. Kwa hivyo Jumanne saa nne kasorobo nilifungua kile kikasha, nikaona waya umetokea upande wa kwa Mama Njeri, nikaukunja mara mbili, nikaukaza kwa kipande cha raba ya tyubu, ile ninayokatia kanda za akala, kilichokuwa mfukoni, nikafunga, nikarudi ndani kama mtu aliyetoka kunawa.

"Sasa itakimbia," nikamwambia Naliaka.

"Bro, imezima kabisa."

Huko nje milango ikaanza kufunguka. "Kwenu iko?" "Wapi! Imepotea!" Nami badala ya kunyamaza (hapa ndipo huwa natamani kujifunika blanketi) nikatoka nikiwashinda wote kwa sauti: "Kuna mwizi wa laini humu! Na ni mtu amenunua TV juzi!" Mama Njeri alikuwa amesimama na utepe wa kupimia shingoni.

Fundi wa faiba alikuwa akiunganisha nyumba ya mstari wa pili, akaitwa. Akafungua kikasha, akavuta ile raba, akaiinua juu watu waione.

"Ni nani hapa hushona akala?"

Watu wote wakatazama miguu yangu, halafu mikono yangu.

"Mkubwa, umekunja waya wa kuingilia, wa nyumba zote nane," akasema. "Huu si mpira wa maji. Ndani ni kioo, hupitisha mwanga, na sasa umevunjika. Na hakuna anayemwibia mwenzake, mitambo hugawa zamu, kila nyumba na yake, upesi kuliko kupepesa jicho." Akachungulia kwetu. "Kumbe kisanduku cha Wi-Fi mmekiweka nyuma ya gunia la tairi! Mawimbi yatapitia wapi?" (Gunia lenyewe nilikuwa nimelileta wiki hiyohiyo.)

"Na kile kifaa cha nne?" nikauliza, bado nikitafuta mwizi.

"Ni simu yako ya zamani, Bro," Naliaka akasema polepole. "Iko chini ya mto wako."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu. Naliaka alikuwa mlangoni na blauzi yake nyeupe iliyopigwa pasi, halii, ananitazama tu, na heri angelia.

"Naliaka, ingia kwangu," Mama Njeri akasema. "Simu yangu ina bando la data." Kisha akanigeukia. "Mimi nilizima kila kitu changu tangu saa mbili, mtoto apate nafasi. Ningekuambia, lakini siku hizi hunisalimii."

Nilisimama nje ya mlango wake nikimsikia dada yangu akijibu maswali, sauti yake ikitetemeka kidogo, kisha ikitulia. (Hata ile blauzi ni Mama Njeri aliyemshonea.)

Nafasi aliipata. Mimi nimeapa kwamba nikimshuku mtu tena, nitabisha hodi kwake kabla ya kugusa waya wowote. Nimemshonea Mama Njeri akala, ngozi laini juu, mishono miwili miwili. Hii ni wiki ya tatu sasa ziko tayari kwenye mfuko, na kila jioni nafika nazo hadi mlangoni kwake, halafu natoa ile simu iliyozima, naiweka sikioni, napita.