Kompyuta Namba Tatu na Neno la Siri la Mwalimu Salima

Siku ya kwanza kazini kwenye duka la intaneti, Meneja alinikabidhi kompyuta nane. Nilizihesabu mara mbili, zikabaki nane. Biashara huria ilikuwa imeingia Morogoro, na intaneti ikaja nayo kabla watu hawajazoea kibodi.

"Mteja akikwama," Meneja akasema, "wewe ndiye vidole vyake."

Basi wateja wakawa wananinong'oneza neno la siri, yaani ufunguo wa barua pepe zao, nami nawaandikia.

Mwalimu Salima alikuwa akishuka kutoka Matombo, milimani, kila Ijumaa kutazama kama chuo kimejibu ombi lake la masomo. Ijumaa moja sanduku lake la barua pepe likakataa kufunguka. Mtu alikuwa amebadili neno la siri.

"Tulilijua wawili tu," akasema mbele ya foleni nzima. "Na mimi sijajiibia."

Meneja akanyoosha mkono. "Fundi, toa maelezo au toa funguo za ofisi."

Niliomba wiki, akanipa siku moja, tukapatana mbili.

Nikawahoji wateja. Wanne wengine walikuwa wameibiwa vilevile, na wawili kati yao huandika wenyewe. Wote walikaa namba tatu. Nikapekua kurasa zilizofunguliwa pale, nikakuta ukurasa mmoja wa kadi za salamu za bure. Ukiufungua tu, unapenyeza programu ya kificho inayonakili kila herufi unayobonyeza na kumpelekea mwizi.

Lakini nani angeamini maneno yangu matupu? Nikamwendea Mwalimu, aliyelala kwa dada yake, mtaa wa Kilakala.

"Fungua sanduku jipya pale namba tatu. Neno la siri usimwambie mtu. Mimi nitakaa nje."

"Na hiyo mikono yako?"

"Nipe kitu nishike."

Akanipa chane ya ndizi. Nilisimama barabarani nimeikumbatia, wapita njia wakiniuliza bei.

Kesho yake, kwenye namba moja niliyokwisha kuikagua, sanduku lile jipya nalo likakataa. Mwalimu akajaribu tena, kisha akanigeukia.

"Fundi, zile ndizi chukua. Nimekukosea."

Meneja akarudisha mkono mfukoni. Namba tatu niliifuta yote, nikaipakia programu upya. Mwalimu akakiandikia chuo kwa posta. Baadaye alikwenda kusoma.

Tangu hapo sikumwandikia mteja tena. Nilimfundisha, kisha nikageukia ukuta akiandika neno lake la siri. Meneja alinung'unikia foleni, sikulegea.

Nilipostaafu nilikabidhi kompyuta, sasa kumi na mbili, nikizihesabu mara mbili. Maneno ya siri ya watu niliyoyajua yalikuwa sifuri. Hayo nayo niliyahesabu mara mbili.