Siku Mkwewe Mihayo Alipokuja Kukagua Chumba

Mimi Bimdogo sipangishi kapera. Nyumba hii ya Mirongo niliachiwa na marehemu mume wangu, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, ua nyuma, na Mwanza nzima wanajua sharti langu: njoo na mkeo, la sivyo katafute kwingine. Makapera nawajua. Leo yuko peke yake, kesho ana wageni watatu, keshokutwa ngoma.

Basi mwaka ule wa uhuru akanijia Mihayo, kuli wa bandarini, kitanda cha kamba kichwani na maneno matamu mdomoni. Mke anaye, alisema, anaitwa Paskazia, ng'ombe wa mahari wameshafika, ila bado yuko kwao Sengerema. Baba mtu alikwishafariki, na mama hamwachii binti mpaka ahakikishe kuna chumba cha maana mjini. Nami chumba sitoi mpaka mke aje. Nilimwonea huruma, basi, wala asiniulize mtu kwa nini. Nikampa chumba cha nyuma mpaka mwisho wa mwezi. Paskazia asipofika, anatoka na kitanda chake.

Tuseme kweli, alinichosha. Anaimba akichota maji, anaimba akikoroga uji, na sauti hana. Lakini paa langu lilipovuja alipanda kuliziba bila kuombwa, na hilo sikulisahau.

Mwezi ukiwa ukingoni, nikasikia hodi. Kufungua, mwanamke wa makamo, kuku kwapani, kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani, miguu imevimba kwa safari. Mama yake Paskazia. Tulimtazamia Jumapili, yeye kapata boti Ijumaa.

Sasa, kwao Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani anapinda porini. Mihayo alishapanga kwamba Jumapili atatoweka, mimi nionyeshe chumba. Na Ijumaa ile Mihayo yuko wapi? Yuko bafuni kwangu, kale kabafu ka mabati uani, ametoka kupakua simenti, kajipaka sabuni mwili mzima, anaimba. Nikakohoa kwa nguvu. Wimbo ukakatika.

Mama akakikagua chumba kama anakinunua. Aligonga ukuta, akabonyeza godoro, akachungulia uvunguni. Akasema hakina ubaya. Nikashukuru, nikidhani ataaga. Wapi! Akatoka uani kutafuta kivuli, na kivuli chenyewe ni cha bafu. Akaketi, akaegemea. Kati yake na mkwewe, bati moja.

Hapo ndipo aliponimwagia yaliyomo moyoni. Chumba hakikuwa shida yake hasa. Shida yake ni mji, unawaharibu vijana. Jirani yake alikwenda kumtembelea binti yake aliyeolewa huku mjini, mtaa wa Pasiansi, na mkwe mtu akamjia mbio mchana kweupe, akampa mkono, akautikisa! Yule mama alirudi kijijini akaugua. Ikiwa Mihayo naye amekuwa wa namna hiyo, Paskazia haondoki nyumbani.

Nilimsifu Mihayo mpaka koo likanikauka. Nikamsihi mama aje ndani kwenye mkeka. Akasema upepo wa hapa unamfaa. Jua likazidi kuwaka. Mle ndani kimya, wala tone la maji halikudondoka, nami nikawaza sabuni inavyomkaukia yule mtoto wa watu.

Mara akasimama, akasema anataka kunawa miguu. Nikaruka mlangoni. Nikamwambia humu yumo mzee Salum, mpangaji wangu wa mbele, tumbo linamsumbua tangu asubuhi.

Sijamaliza, mlango wa ukumbi ukasukumwa, akaingia mzee Salum na kifurushi cha samaki sato, akitoka sokoni, mzima wa afya. Mama akampa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akajitambulisha kwa jina lake kamili na la baba yake, maana hajui kufupisha, akaenda zake chumbani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama akanitazama. Akautazama mlango wa bafu, na chini yake miguu miwili yenye povu kavu. Haraka akaugeuzia mgongo, akajifunika khanga kichwani. Nikajua imekwisha, kesho namtoa Mihayo na kitanda chake.

"Dada," akaniambia taratibu, "mwambie huyo mzee Salum wa humo ndani kwamba mtu aliyekubali kukauka na sabuni juani asinikosee adabu, mji haujamharibu. Mwanangu nitamleta mwenyewe. Mwambie pia mimi nakwenda kukaa ukumbini, aoge."

Bafu lilikuwa hatua mbili kutoka tulipo na kila neno limesikika. Lakini heshima ni heshima. Nikasogea kwenye bati, nikalirudia lote, tangu mzee Salum mpaka aoge.

Tukasikia kwikwi moja, kisha nyingine, kisha mwanamume mzima, mbeba magunia, akaangua kilio humo ndani.

Mama hakugeuka. "Anasemaje?" akaniuliza.

"Anasema sabuni imemwingia machoni," nikamwambia.