Mawe ya Njia ya Wageni

Chokaa mbichi ina harufu yake, na mimi nikiisikia tu nageuza njia. Mwezi uliopita nimeisikia tena, ndugu yangu, na tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri.

Nilikuwa nimepeleka vizibao. Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga, na kikundi fulani cha vijana wa kujitolea kiliniagiza vizibao vya rangi ya chungwa, vya kuvaa wakiwa kwenye kazi zao za hifadhi. Nikapanda boti hadi kijiji nilichozaliwa, kile kilichobanwa kati ya ziwa na milima, ambako mpaka wa hifadhi unaanzia nyuma ya choo cha jirani. Sikuwahi kukanyaga pale tangu tumzike bibi. Nikashuka na furushi kichwani, maji ya magoti, na kabla sijamsalimia mtu nikawaona: vijana wameinama na brashi, wanayapaka chokaa mawe ya njia ya wageni. Redio inaimba, watu wanacheka, mmoja anampiga picha mwenzake aliyeshika brashi kavu kabisa, haijaonja hata ndoo. Nilitaka kurudi botini. Usinicheke, ngoja nikueleze.

Enzi zetu kujitolea hakukuwa na kizibao. Jumamosi kabla jua halijapanda juu ya mlima, bibi alikuwa ananiamsha kwa kunivuta dole gumba la mguu. Tulikula kiporo cha ugali wa muhogo kilichopashwa moto kwa mawese, na dagaa wa jana, kisha tunakwenda kukusanyika kwenye kibanda cha askari wa hifadhi. Kikundi chetu kilikuwa cha akina mama kumi na kitu, wazee wachache na sisi watoto tuliowafuata mama na bibi zetu. Tulifyeka njia. Tulitegua mitego ya nyaya iliyotegwa kwenye mapito ya pongo. Tulivuta nyavu zilizochanika kutoka ufukweni. Mvua zikianza tulipanda miche kwenye ule ukanda ulioungua, ili sokwe wapate pa kupita wakishuka kunywa maji. Bibi alikuwa mkali kwenye upandaji. Ole wako upande mche na kiriba chake cha plastiki. Alikuwa anakupiga kofi la mkono na kukuuliza kama wewe ungependa kulala umefungwa kwenye mfuko.

Na wakati sisi tuko huko tunauhudumia msitu, nyani walikuwa wanashuka kijijini kula dagaa tulioanika mchangani. Jirani yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita boti, alikuwa akiwatukana mpaka koo linakauka, halafu anachukua fyekeo lake na kupanda na wenzake. Alisema sisi ndio watu pekee duniani wanaowafagilia wezi wao uwanja. Tulicheka kila Jumamosi kwa neno lile lile.

Sasa, bibi alikuwa na sababu yake. Mtoto wake wa kwanza, ambaye angekuwa mjomba wangu, alifariki kabla hajamaliza kuota meno, akazikwa nyuma ya nyumba yao kule juu. Baadaye mpaka wa hifadhi ukasogezwa, nyumba zikahamia ufukweni, na kaburi likabaki ndani ya msitu. Kuingia ovyo ilikuwa marufuku. Lakini wana kikundi walipewa siku moja kwa mwaka, kabla ya mvua za kwanza, wapande na askari wakasafishe makaburi ya watu wao. Jumamosi zote zile za kufyeka zilikuwa nauli ya siku hiyo moja. Bibi hakukosa hata Jumamosi moja, awe na homa, awe na mgonjwa ndani.

Siku hiyo alipanda na jiwe la ziwani, moja tu, lile laini ambalo maji yamelilamba mpaka limekuwa duara. Mwaka mmoja, jiwe moja. Alisema mtoto anaendelea kukua huko aliko, na kama mama hamhesabii miaka, nani atamhesabia? Hayo yalikuwa yake mwenyewe, wengine walipeleka jembe na ufagio tu. Nilipofikisha miaka tisa alinichukua kwa mara ya kwanza, akaniambia nichague jiwe la mwaka ule. Nikachagua lenye mstari mwekundu katikati. Nikalipandisha mlima wote ule kichwani, shingo ikaniuma siku mbili. Kule juu nikakuta lundo la mawe limefika kiunoni kwangu, meupe na ya kijivu, yote ya duara, katikati ya nyasi. Bibi akafyeka pembeni, akaliweka la kwangu juu ya wenzake, akasema, “Mwakeye,” ile salamu yetu ya asubuhi kwa Kiha. Kisha akaanza kulisimulia lundo habari: nani kaolewa, nani kagombana na nani, samaki wa migebuka mwaka huu wameadimika. Alikuwa anaongea tu, kama unavyoongea na mtu aliyelala chumba cha pili. Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, nikaanza kung'oa nyasi pembeni.

Miezi michache baadaye wakaja wageni. Walikuwa watu wa kujitolea, mchanganyiko, wengine wa ng'ambo na wengine wa miji yetu mikubwa, na walikuja kwa wiki mbili kututengenezea njia nzuri ya watalii yenye mawe kando. Wazee wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nao walianza vizuri, siwezi kuwanyima haki yao. Baadhi yao walipotaka kuokota mawe ya ufukweni, kiongozi wao, dada mmoja mwenye daftari, aliwakatalia katakata: samaki wanazaa katikati ya mawe yale, hata moja lisiguswe. Aliwaonea huruma kweli hao samaki, macho yalimlenga machozi. Kisha akatuuliza sisi watoto kama kuna mahali penye mawe ya ziwa ambayo yalikwisha kutolewa majini zamani, yamekaa tu, hayana kazi.

Bibi siku hizo alikuwa Kagunga kwenye msiba, pamoja na akina mama wenzake wa kikundi. Askari wetu wa siku zote alikuwa likizo, na mwenyekiti wa kikundi alikuwa mtu wa kuja, ametoka upande wa Mwandiga, ya milimani hakuyajua. Pembeni ya yule dada kulikuwa na boksi lililofunguliwa, limejaa fulana nyeupe zenye uso wa sokwe kifuani. Zilikuwa za watakaosaidia.

“Mimi najua,” nikasema.

Nilijua vizuri sana. Usije ukanitetea kwa kusema mtoto hajui. Nilijua ni nini kile na nilijua ni cha nani. Niliitaka fulana, basi. Nikawaongoza, tukapanda, na yule dada alipoliona lundo alipiga makofi kwa furaha, akashangaa bahati ya kukuta mawe mazuri namna ile porini bila kumdhuru samaki hata mmoja. Wala hakuna aliyejiuliza mawe ya ziwa yamefuata nini mlimani. Siku mbili tulishusha, watoto kwa mstari, tukiimba. Lile la mstari mwekundu nililishusha mimi mwenyewe. Wakayapanga kando ya njia kuanzia ufukweni, wakayapaka chokaa, wakatupa soda za moto na fulana, tukapigwa picha.

Bibi aliyaona tangu akiwa botini. Aliposhuka hakumuuliza mtu. Alitembea taratibu hadi kwenye jiwe la kwanza, akainama, akakwangua chokaa kwa ukucha, akalitazama. Akaenda la pili, la tatu. Halafu akainuka akatutazama sisi watoto tuliosimama na fulana zetu mpya.

“Jiwe halipandi mlima lenyewe,” akasema. “Wala halishuki.”

Akaingia jikoni kupika. Dagaa waliungua siku hiyo, na bibi hakuwa mtu wa kuunguza. Hakuniuliza chochote, si usiku ule, si siku yoyote mpaka anakufa. Afadhali angenichapa. Fulana ile niliivaa mpaka ikatoboka mgongoni, na leo nikijikumbuka nilivyokuwa najitazama kwenye kioo cha jirani nikiwa nimeivaa, najitemea mate.

Mwaka uliofuata alipanda na jiwe lake kama kawaida. Akakuta kiraka cha udongo na vichipukizi vya nyasi, akaliweka pale. Mwaka wa pili nyasi zilikuwa ndefu na hata lile moja halikuonekana. Mwaka wa tatu alizunguka kule juu akilitafuta kaburi toka asubuhi hadi askari alipomwambia muda umekwisha, akateremka na jiwe lake mkononi, na hakupanda tena. Kikundi hakukiacha. Ila kila Jumamosi kabla ya kazi alianza kwenye njia ya wageni, akiinamia jiwe moja moja, mwakeye, mwakeye, maana umri wote wa mwanawe ulikuwa umepangwa pale kando watu wakiuruka. Watalii walidhani anawasalimia wao. Walimjibu “Jambo!” na kumpungia mkono.

Kikundi kile hakipo tena. Wale akina mama wamekwisha, na ile sauti ya kuita boti imekwenda nao. Ukanda tuliokuwa tukiupanda nimeupita mwezi huo uliopita: miche imekauka kwa safu, na nilipong'oa mmoja ulikuja na kiriba chake kizima, cheusi, kimekaza mizizi. Kando yake kuna kibao chenye majina ya waliopanda.

Kiongozi wa vijana alinipokea furushi kwa adabu zote. “Shikamoo mama.” Nikaitikia, na sijui nilipatwa na nini, nikamwambia. Nikamwambia mawe hayo ni ya kaburi, ya mtoto, jiwe moja mwaka mmoja, na mama yake aliyasalimia hapa mpaka akafa. Brashi zikasimama. Redio ikazimwa. Nikajua sasa atasema pole.

“Mama,” akasema, macho yanang'aa, “hii historia ni nzuri sana. Wageni wanapenda vitu kama hivi. Tuiweke kwenye kibao.”

Akaniomba nisimame karibu na mawe wanipige picha. Nikachuchumaa badala yake, nikaanza kukwangua jiwe kwa ukucha, nikitafuta mstari mwekundu. Chini ya chokaa kulikuwa na chokaa, na chini yake chokaa nyingine, ya miaka na miaka. Nikahamia jiwe la pili. Ukucha ukavunjika. Kijana akasubiri, halafu akatoa simu yake ili aandike vizuri asije akasahau.

“Na nani aliyeyatoa kaburini, mama?”

Nilikuwa nimeinama bado, vidole vimejaa chokaa.

“Wageni,” nikasema.

Akaandika.