Aliyeniuliza Habari za Kalulu Kwenye Daraja la Lukuga

Mimi si muntu wa kuamini mambo ya ovyo. Uliza hapa Kalemie: nikinunua samaki nafungua mashavu yake mara mbili, na mama anayeuza ananitukana. Basi nikikwambia jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, saa sita za muchana, jua likiwaka, sikulewa na sikulala, uniache niseme mpaka mwisho.

Mama yangu amepita miaka sabini. Baba yake alikuwa mupaka rangi wa reli. Kazi yake ilikuwa kupaka vyuma vya daraja la Lukuga ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Siku moja, Mama akiwa mutoto mudogo mwenye homa kali, baba huyo alitoka asubuhi na hakurudi. Watu wa kambi ya reli wakasema amefuata mwanamuke kule Kabalo. Aibu hiyo Mama ameibeba maisha yake yote. Hata leo akigombana na jirani anaambiwa: "Wewe ambaye baba yako mwenyewe alikukimbia!" Mwaka huu moyo ulipoanza kumusumbua, aliniomba jambo moja tu. "Nitafutie kama kweli alinikimbia. Nijue mbele ya kufa."

Sisi wajukuu wa watu wa reli tuna grupe kwenye telefone. Huyu anatuma picha ya stesheni, yule nyumba ya babu yake, halafu tunabishana siku nzima nani alisimama wapi. Mumoja akatutumia picha ya wapaka rangi sita kwenye daraja. Watano tuliwajua majina. Wa sita alikuwa amegeuza kichwa, nikajiuliza kama si babu. Nikaichapisha, nikaibandika ndani ya kaye yangu, daftari la habari za ukoo, na Jumapili baada ya misa nikaenda darajani nione walisimama nguzo gani.

Hapo njo kijana mumoja akasimama kando yangu. Sikusikia hatua zake. Miaka thelathini hivi, nguo za kazi, mikono nyekundu mpaka kwenye viwiko. Nikajisemea: nani anapaka rangi Jumapili? Na daraja lenyewe siku hizi ni kutu tupu!

Akaweka kidole gumba juu ya yule wa sita.

"Huyu alikuwa anaangalia njia ya kwake," akasema. "Mutoto alikuwa anaungua na homa."

Nikafunga kaye mbio. "Wewe ni wa nani?"

"Mama, nisaidie tu. Kalulu anaendeleaje?"

Haki ya Mungu, mwili ulinisisimka. Kalulu, yaani sungura, njo jina ambalo baba yake alimuitia Mama, kwa sababu hakuwa mutoto wa kutulia. Sikuliandika popote, hata kwenye grupe. Lakini unafikiri niliogopa? Nilikasirika! Mwaka jana tu alitujia muntu na maneno matamu ya undugu, anajua majina ya ukoo wote, kumbe anataka parsele yetu, kiwanja cha nyumba. Na hapa kwetu muntu wa namna hiyo tunamufukuza kwa neno moja: unayemutafuta alikufa. Akisikia hivyo hana tena wa kumusainisha makaratasi, anaenda zake.

"Kalulu alikufa," nikamwambia. "Zamani sana."

"Na ile homa?"

"Na ile ile homa."

Mikono yake ikaanguka. "Nilikimbia," akasema polepole. "Nilipita juu ya vyuma nifike mbio kwenye dawa. Rangi ilikuwa mbichi. Niliipaka mimi mwenyewe, asubuhi ile." Akaangalia maji chini. "Basi nilichelewa."

Lori likapita, nikajibana pembeni, nikafunga macho kwa sababu ya vumbi. Kufungua, hakuna muntu. Daraja limenyooka, mbele na nyuma unaona kote. Angekuwa ameenda wapi? Na bado nikajisemea, huyu ni mwizi hodari. Ona ugumu wa kichwa changu!

Nyumbani nikafungua kaye. Juu ya kifua cha yule wa sita kulikuwa na alama ya kidole gumba, nyekundu, bado mbichi. Mama akanipokonya kaye, akaipeleka puani.

"Papa," akasema. "Akitoka kazini alinuka hivi."

Nikamwelezea yote, vyuma, rangi, dawa. Mama akacheka huku machozi yanamutoka. Miezi mingi sikumuona akicheka vile. "Hakunikimbia! Alianguka! Muiteni yule jirani aje asikie!" Halafu akaniangalia.

"Aliuliza juu yangu?"

"Aliuliza, Mama."

"Na wewe ulimujibu nini?"

Ningedanganya tena? Nikasema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alijifunga kitambaa kichwani, akaomba viatu vyake. "Nipeleke."

Tangu siku ile kila Jumapili saa sita tuko pale, mimi na kiti chake mukononi. Anashika chuma, anaita: "Papa! Ni mie, Kalulu! Nilipona! Niko muzima!" Watu wa motopiki wanacheka, madereva wanapiga honi. Hakuna aliyejibu. Na ile rangi haijakauka mpaka leo. Njoo kwangu uiguse, utaondoka na kidole chekundu.

Basi nyinyi munaopenda kuzunguka na picha za madaraja na stesheni, shukuni watu munavyotaka, mimi mwenyewe bado nashuku. Lakini muntu akikuuliza pale habari za mutoto wake, usiseme amekufa naye yuko hai. Sema hujui, uende zako.

Jumapili iliyopita pumzi ilimukatikia Mama, sauti haikutoka. Akanishika mukono, nikaita mimi badala yake: "Papa, Kalulu ni muzima!" Na njia yote ya kurudi nilimuomba Mungu nisiwe nimemudanganya babu mara ya pili.