Nusu ya Kasa Mchangani

Huku kisiwani Malakula nani asiyejua? Ukifa utamkuta Temes, yule bibi mzimu anayekaa kwenye jiwe njiani kwa wafu, amechora mchoro mchangani. Akikuona tu anafuta nusu. Uumalizie kwa mstari mmoja, kidole kisinyanyuke, njia isirudiwe. Ukiweza anaufuta wote, unapita; ukishindwa anaila roho yako. Ndiyo maana wazazi walinuna kusikia mwalimu Leimara anawafutia watoto wa darasa la pili nusu ya mchoro, eti hesabu.

“Temes naye siku hizi analipwa na serikali,” walimtania.

Walie tu. Hesabu ile wenzake waliikuta chuo kikuu, ikawatoa jasho. Yeye aliwapa watoto wa miaka saba. Hesabuni njia zinazokutana, aliwaambia. Zikienda mbili mbili, mnaingia na kutoka. Penye njia isiyo na mwenzake, hapo ndipo pa kuanzia au pa kuishia. Na aliyekwama asisemeshwe, aachwe afikiri.

Kilichomnyima usingizi ni baba yake. Mzee Malnaim alikuwa taabani, hagusi hata laplap, viazi vikuu vilivyopondwa na kuokwa majanini, na mchoro wa kasa, ule anaoulizia Temes, ulikuwa umemtoka kichwani.

“Ataniuliza, mwanangu, nami sijui kitu. Nitaliwa.”

“Usihangaike kukumbuka, baba. Hesabu njia tu.”

“Mambo ya watoto hayo.”

“Na watoto wanayaweza.”

Akamfundisha kwa kumchorea kiganjani, mpaka mzee akasinzia.

Asubuhi akachora kasa kwenye sakafu ya mchanga ya darasa, akafuta nusu. Kabla mtoto yeyote hajainama, mchanga ukaanza kuchimbika wenyewe. Mstari ulitambaa polepole, ukitetemeka kama mkono wa mgonjwa, ukisita kila njiapanda. Watoto hawakukimbia. Waliutazama kama wanavyomtazama mwenzao aliye zamu.

Penye shingo ukasimama. Zilibaki njia mbili, na ukiingia ile mbaya hutoki tena. Leimara alimjua aliyekwama. Alipofungua mdomo amsaidie, darasa zima likaweka vidole midomoni, kumnyamazisha.

Mstari ukakaa. Ukakaa sana. Kisha ukakata kushoto, ukazunguka gamba, ukafika mkiani ulikoanzia.

Joslin, mdogo kuliko wote, akashusha pumzi. “Amepata, mwalimu. Mfutie apite.”

Huko nje mtu wa nyumbani alikuwa anakuja mbio, akimwita mwalimu kwa jina. Leimara akapiga magoti, akamfuta kasa mzima kwa viganja viwili, huku analia.