Mashine Aliyoicheka Fundi Herufi

Saa tatu asubuhi. Katika chumba kinachonuka wino na plastiki ya moto, mzee wa miaka hamsini na minane amepiga magoti sakafuni. Anatoboa tundu ukingoni mwa bango la duka la viatu, anapachika pete ya bati, anaigonga kwa nyundo mara mbili, kisha anasogea mbele kidogo na kuanza upya.

Mtaani bado wanamwita Fundi Herufi. Kwa miaka ishirini na tisa, kinyozi, mwuza nyama, zahanati na shule wote walipita kwake kuchorewa mabango. Alichora mstari mrefu kama ukuta bila rula, na ukipima hukuti kosa.

Leo hachori chochote.

"Nimebaki na kazi ya panya," anasema, akicheka peke yake. "Kutoboa."

Mashine ya kuchapa mabango inayonguruma nyuma yake ni ya shemeji yake, mdogo wa mkewe. Miaka tisa iliyopita, shemeji alipoinunua ikiwa imeshatumika, alimfuata Fundi kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nilimwambia, shemeji, wewe una jicho, mimi nina mashine, tufungue pamoja," mwanamke huyo anakumbuka. "Akaliangalia bango nililomletea kama mfano, akaniuliza mbele ya wateja, 'Shemeji, hii ni rangi au ni mate?' Karakana yake nzima ikaangua kicheko."

Fundi hakuishia hapo. Bango lile alilianika juani miezi miwili. Lilipopauka likawa kama tambara la deki, alilipigilia misumari mlangoni pa karakana yake. Kila mteja aliyeuliza habari za mashine alionyeshwa mlango. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alikuwa akiwaambia.

Kinachomuuma ni kwamba hakusema uongo. Wino ule ulipauka kweli. Plastiki ilichanika kwa upepo mdogo tu.

"Kila nilichosema kilikuwa sahihi," anasema. "Ningekuwa nimekosea, ningejisamehe."

Aliyemfungua macho ni mwuza nyama, mteja wake wa miaka ishirini. Siku moja alimkuta akitundika bango la kuchapwa.

"Na wewe?" Fundi alimuuliza.

"Fundi, lako lingedumu miaka kumi, najua," mwuza nyama alimjibu kwa aibu. "Lakini mimi nalitaka kesho. Na mwezi ujao nitataka jingine."

Bango la Fundi lilihitaji siku nne. Kwa shemeji, unaliagiza, unakwenda kunywa chai, ukirudi unalikuta tayari. Na kila mwaka wino ulizidi kushika, huku Fundi akiendelea kuonyesha watu tambara lilelile mlangoni.

"Niliipima mashine kwa siku yake ya kwanza," anasema. "Nani anampima mtoto hivyo?"

Mwaka wa mwisho wa karakana alipata kazi saba tu. Wakati huo nyumba ilikuwa imeshagawanyika. Mkewe alikuwa amesimama upande wa mume, na kwa miaka mitatu dada hao wawili hawakujuliana hali, hata kwenye msiba wa shangazi yao walikaa mikeka tofauti. Mwishowe ni mkewe aliyejifunga kanga, akaenda kubisha hodi kwa mdogo wake kumwombea mumewe kazi.

"Sikwenda mimi," anasema taratibu. "Alikwenda yeye. Aliporudi aliniambia, 'Unaanza Jumatatu,' akaingia jikoni. Hatujalizungumza tena mpaka leo."

Mwezi uliopita, msanifu wa mabango wa hapo kwa shemeji, mama wa watoto wawili, alifungua programu mpya inayobuni mabango yenyewe ukiiandikia maneno machache. Ikatoa picha ya muuguzi mwenye vidole sita, na neno "Karibu" likiwa na K mbili. Ofisi nzima ilicheka, na shemeji pia.

Fundi aliinuka, magoti yakilia. "Mama, usiicheke."

"Fundi nawe! Isiyojua hata kuhesabu vidole ndiyo initoe kazini?"

Alirudi chini kwenye pete zake.

"Ningemwambia kwa lugha gani?" anauliza. "Mimi mwenyewe niliambiwa, na kila neno nilielewa, na bado nikacheka."

Jumamosi jioni, wengine wakiondoka, shemeji yake humruhusu kukaa mbele ya kompyuta. Vidole vilivyokuwa havitikisiki juu ya ngazi sasa vinatafuta vitufe kimoja kimoja. Kwa miezi mitatu amejifunza kupanga maneno na kuchagua rangi. Aina za herufi, anasema, ziko mia tatu humo ndani, na hakuna hata moja anayoweza kusema imetoka mkononi mwake.

Shemeji amemwahidi kwamba akiweza kutengeneza bango zima mwenyewe, atainuka sakafuni na kukaa kwenye kiti.

"Nitajifunza, nitafika," anasema, akiitazama mashine. "Naomba tu siku nitakayofika, niikute hiyo kazi bado ipo."