Doa Katikati ya Kibao

Doa lilianza dogo kama punje ya mtama, katikati kabisa ya kioo cha kibao cha kielektroniki cha kusomea vitabu, na Mzee Jalada hakuhitaji kuuliza mkosaji ni nani. Kibao kimezeeka. Miaka minane si mchezo, hata kwa binadamu. Akakifuta kwa kitambaa, akakipulizia, akakipigapiga mgongoni kama mtoto anayecheulishwa. Doa likabaki pale pale, na kila wiki likazidi kunenepa.

Jina hilo la Mzee Jalada alipewa kazini. Miaka thelathini na moja alishona vitabu kwa mkono kwenye karakana nyuma ya kiwanda cha uchapaji, yeye na sindano yake, uzi uliopakwa nta, gundi ya moto na ngozi. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kitabu, akakuambia kuna karatasi imekosekana, na kweli imekosekana. Mashine zilipokuja kukaa mahali pake, alirudi nyumbani na kipande kimoja cha ngozi ya kahawia, basi. Binti yake alipomletea kile kibao, alikicheka wiki nzima. "Kitabu gani hiki hakina uti wa mgongo?" Halafu akakaa kitako akakishonea jalada kwa ile ngozi yake, lenye mfuko kwa ndani, mishono imepangana kama meno ya kitana. Toka siku hiyo nacho kikahesabiwa kitabu.

Mkewe hakujua kusoma. Alikulia kwenye nyumba ambamo watoto wa kike waliachiwa ndoo na ufagio, akaolewa, akaingia kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, na herufi zikampita hivi hivi. Lakini kusikiliza alijua. Kila alasiri, akishamaliza kazi zake, aliketi ukingoni mwa kitanda na kusema, "Haya, msomaji," na mumewe akamsomea. Miaka arobaini hiyo. Watu wa vitabuni aliwajua kwa majina, akawaombea dua kama majirani.

Sasa walikuwa kwenye kitabu cha mjane muuza vitambaa, anayepigania nyumba yake asinyang'anywe na shemeji zake. Doa lilipoanza kumeza maneno, Mzee Jalada aliruka neno hapa na pale. Kisha akawa anaruka mistari. Kisha, Mungu amsamehe, akaacha kabisa kusoma, akawa anatunga. Kutunga kulikuwa kwepesi kuliko kusema ukweli. Mtu aliyeitwa msomaji na mkewe ujana wake wote, aanzie wapi leo kumwambia haoni? Na isitoshe, si macho. Ni kibao.

"Huyu mjane siku hizi mambo yanamnyookea," mkewe alimwambia siku moja, amelalia ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa unamuuma. "Mwanzoni kila mtu alimwonea. Mwandishi kalainika?"

"Kaona aibu, labda."

"Basi asione sana. Nilishazoea kumhurumia."

Akacheka, na kicheko kikamchoma kwapani, akakikatisha.

Laiti ingekuwa ni mjane peke yake. Kulikuwa na bahasha. Miezi mitatu nyuma, mkewe alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa kwapa, kikapelekwa kupimwa. Siku ya majibu daktari hakuwepo, na karani wa dirishani akasukuma bahasha chini ya kioo. "Someni, mfuate maelekezo. Anayefuata!" Wakakaa kwenye benchi nje. Mzee Jalada akafungua, akainua karatasi, na pale palipokuwa na maneno akaona ukungu wa kijivu. Aliona mihuri pembeni. Aliona nembo juu. Katikati, hakuna kitu.

"Inasemaje?" mkewe aliuliza. Mikono yake yenye makovu ya pasi ilikuwa imeshikana mapajani.

Yeye, bila kupanga, kwa sauti ile ile ya kila alasiri, akasoma: "Wanasema si kitu cha kutisha. Uendelee na vidonge."

Mkewe alifumba macho akamshukuru Mungu kwa sauti, pale pale, mbele za watu. Nani angemrudisha kutoka kwenye shukrani ile? Mzee Jalada alijiambia, Jumapili binti akija nitampa aisome. Jumapili binti akaja kutoka zamu ya kiwanda cha nyuzi, na swali la kwanza likawa, "Barua ilisemaje, Baba?" Mkewe akamjibia, kwa furaha, neno kwa neno. Mzee akaondoa mkono kwenye jalada. Bahasha ikabaki kwenye mfuko wa ndani wa jalada, na Jumapili zikapita.

Ndipo akaanza kudai kibao kipya. Hesabu yake ilikuwa hivi: kibao kibovu ndicho kilichoyachosha macho. Nikipata chenye kioo kisafi, macho yatapumzika, nami nitaitoa barua niisome mwenyewe, kimya kimya. Huenda nilibahatisha sawa. Watu wengi hukatwa kipande cha nyama kupimwa, na ikawa si kitu. Alimwomba Mungu barua iwe imesema alichokisema yeye. Hivyo ndivyo alivyoomba, kana kwamba wino ungeweza kuhama usiku na mchana ndani ya ngozi.

Binti aliomba ruhusa kazini, wakaenda dukani pamoja. Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi, na meza yake ilipangwa vibao kama vigae.

"Mzee wangu, mwenye jalada kama hilo si wa kuuziwa kitu hivi hivi," alisema. "Nani kakushonea?"

"Mikono hii."

"Basi shikamoo mara ya pili. Angalia hiki: chepesi, vitufe pembeni, chaji inakaa wiki nne. Na hiki kikubwa kina mwanga wa njano hauumizi macho, herufi unazikuza mpaka ziwe kama za bango, na ukichoka kinakusomea chenyewe kwa sauti."

"Cha kunisomea sikitaki," Mzee Jalada alidakia haraka. "Nyumbani msomaji yupo."

"Jaribu basi kioo chake, Baba," binti akasema. "Soma kidogo uone kama kinakufaa."

Alikipokea kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa cheupe kama shuka lililotoka kwenye pasi. Akakisogeza usoni, na doa likaja nalo, likatua katikati. Akakitoa mbali, likaenda nalo. Akakihamishia kushoto, likamfuata. Akainua macho amtazame binti yake, na binti hakuwa na uso. Alikuwa na masikio, na nywele, na ukungu kati yake.

Alitaka kukirudisha mezani. Lakini muuzaji alikuwa anasubiri, binti anasubiri, na mdomo wake ulishajua kazi yake. "Mjane alifungua duka lake asubuhi," akasoma, "akatandaza vitambaa vyekundu mlangoni..."

Muuzaji akaangua kicheko. "Mzee una vituko! Hapo pameandikwa 'Karibu, chagua lugha.'"

Binti hakucheka. Alimsogelea baba yake, akanyoosha vidole viwili mbele ya pua yake. "Vingapi?"

Mzee akageuza shingo, akivitafuta kwa pembe ya jicho.

"Toka lini, Baba?"

"Nilidhani ni kibao, mwanangu."

Muuzaji aliona ameharibu, akatafuta la kutengeneza. Akachukua jalada la ngozi na kukitoa kibao cha zamani. "Ngoja tuone kama kipya kitaingia humu, tusipoteze kazi nzuri." Akasukuma. Kuna kitu kilizuia. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani na kutoa bahasha iliyokunjwa mara mbili. "Mzigo wenu huu."

Binti aliijua nembo ya hospitali. Akaifungua, akaisoma, akairudia tena tangu juu. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Wanasema ni saratani. Wanasema Mama arudi ndani ya wiki mbili, asichelewe." Akaitazama tarehe juu ya barua. "Wiki mbili, Baba. Ulimsomea nini?"

Walikichukua kile kikubwa. Binti alisema hicho, na mzee hakubisha tena. Hakikuingia kwenye jalada.

Nyumbani mkewe alikuwa ukingoni mwa kitanda, amejifunga kitambaa cha kichwa kwa ajili ya mgeni mpya. "Haya, msomaji, tukione!"

Mzee Jalada alipiga magoti sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yake isipokuwa kwa sala. "Mke wangu, sioni. Barua sikuisoma. Nilitunga."

Mkewe alimtazama mpaka binti akaanza kulia. Kisha akamwambia binti, "Nisomee wewe. Usiruke hata nukta."

Binti akasoma, pamoja na tarehe, pamoja na namba za mihuri. Mkewe alisikiliza kama alivyosikiliza vitabu vyote, kichwa kimeinama upande. Mwisho akajigusa kwapa la kushoto. "Lenyewe lilikuwa linaniambia," akasema. "Nikaona linadanganya, kwa sababu wewe ulishaisoma barua."

Hakumpiga kwa neno jingine. Mzee angeshukuru angempiga.

Kesho yake asubuhi walikuwa kwenye benchi lile lile la hospitali. Mke na binti wakaingia kwa daktari, wakatumwa kupiga picha ya kifua, wakaingia tena. Mzee akabaki na kibao kipya mapajani na jalada tupu mkononi, kidole gumba kinapita kwenye mishono, kinarudi. Walipotoka, mkewe aliketi taratibu, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Ugonjwa umeshuka mpaka kwenye mapafu," alisema. "Daktari anasema tungekuja mapema lingekuwa jambo jingine. Sasa ni dawa za maumivu."

Mzee Jalada alifungua mdomo. "Mke wangu..."

"Nyamaza," mkewe alisema, si kwa ukali. "Wewe umeshasema sana. Mwanangu, washa hicho. Rudi pale mjane alipokuwa bado anaonewa. Nataka nijue yaliyompata kweli, kabla sijaondoka."

Binti akatafutatafuta, akabonyeza. Sauti ya mwanamke asiyekuwepo ikaanza kusoma, haipumui, haijui inamsomea nani. Mjane alishindwa kesi. Alitolewa nyumbani na vitambaa vyake vikarushwa barabarani. Mkewe alitikisa kichwa polepole, akisikitika, na mzee naye akainama kusikiliza, kwa sababu na yeye alikuwa hajui.